Karatasi ya Kitanda cha Tatu

Jumatatu, 5 Mei

Deki mara mbili kabla ya saa mbili asubuhi. Mitungi miwili ya oksijeni nimeivingirisha mwenyewe kutoka stoo, mkono mmoja kwenye mtungi, mwingine umeshika kikombe cha chai. Hospitali nzima hii ya misheni hakuna mwanamume anayeweza. Ndiyo maana naitwa Mama Oksijeni. Jina la Mama Rehema limebaki nyumbani tu.

Nesi mpya ameanza leo chumbani kwetu, chumba cha watoto mahututi, vitanda vinne. Anaitwa Agatha. Mtoto wa mwalimu, kazaliwa Ruangwa, kasoma Dar digrii nzima ya uuguzi, halafu kakaa miaka miwili kwenye chumba cha watoto mahututi cha hospitali kubwa kulekule. Ana miaka ishirini na saba. Rehema wangu anamzidi.

Kaniamkia kwa adabu, magoti kayakunja. Nikaitikia marahaba ndefu, ya kumpima.

Kaja na boksi. Nilidhani zawadi. Ni makaratasi.

Mimi Dar nimekaa miaka sita, Kariakoo. Maskati miaka mitatu, nikilea watoto wa watu mpaka wakawa wanalia kwa Kiswahili. Siwezi kutishwa na boksi.

Jumatano, 7 Mei

Boksi limefunguliwa. Unaitwa mpango wa uuguzi. Kila mtoto anapewa karatasi yake, inaning'inizwa miguuni mwa kitanda. Ina vyumba vyumba. Mtoto ana tatizo gani. Tunataka afike wapi. Tufanye nini. Nani afanye. Saa ngapi. Chumba cha mwisho kimeandikwa IMEKUWAJE. Kila zamu isome, ijaze, itie sahihi, ndipo ikabidhi kwa wenzao. Kumgeuza mtoto, kumsafisha kinywa, kumhesabia pumzi, kila kitu kina saa yake na mwenyewe wake.

Kabla ya hapo tulifanya kazi kwa macho. Na macho yalikuwa haya. Miaka tisa. Cheti sina, shule niliachia kidato cha pili, lakini mtoto anayetaka kuharibika namjua kabla mashine haijapiga kelele. Daktari Chilumba akiingia asubuhi alikuwa anasimama kwangu kwanza. "Mama Oksijeni, leo nani ananitisha?" Namwonyesha kwa kidevu. Watoto wamepona kwa kidevu hiki.

Leo kaingia, kanipita kama mwimo wa mlango, kaenda moja kwa moja kwenye karatasi. Kasoma zote. Kasema, "Safi sana, Agatha."

Mimi nimesimama pale, kidevu kiko tayari.

Wivu. Naandika neno lenyewe nisije nikajidanganya. Wivu, tena ule wa tumboni, kama njaa ya asubuhi.

Alhamisi, 8 Mei

Mtoto wa kitanda cha kwanza mgongo ulikuwa umeanza kuwa mwekundu kwa kulala sana. Leo wekundu umepungua. Ni kwa sababu anageuzwa kila saa mbili kwa kutazama saa, si mtu anapokumbuka. Ningefurahi sana kama mwenye wazo ningekuwa mimi. Nimefurahi nusu.

Ijumaa, 9 Mei

Agatha kanifuata kwenye sinki. "Mama, wewe umekaa nao miaka yote hii. Huyu wa kitanda cha nne unamwonaje? Niambie niandike."

Nikamjibu, "Mimi mtu wa deki, mwanangu. Andika deki."

Kacheka. Kadhani utani. Haukuwa utani.

Na nilikuwa nimeona. Mtoto wa nne tumbo lilikuwa limejaa, linang'aa. Nikamwambia nesi wa zamu ya mchana badala yake. Sifa akapata yeye. Afadhali aipate mtu mwingine yeyote.

Jumamosi, 10 Mei

Kaletwa mtoto kutoka Nkowe, kule Ruangwa. Walianza na baiskeli, wakapanda bodaboda, mwisho gari la wagonjwa. Anaitwa Yusufu, miaka miwili na nusu. Malaria kali, degedege, damu imepungua mpaka viganja vyeupe kama unga wa muhogo. Kitanda cha tatu. Mtungi niliufikisha kabla machela haijafika, naomba hilo likumbukwe. Kapewa damu, sindano za malaria, dripu.

Mama yake ni Somoe, binti wa miaka kumi na tisa, kaja peke yake, bibi wa mtoto kabaki kuvuna ufuta. Kiswahili chake ni cha sokoni, kikimwishia ananyamaza. Mimi Mmwera wa Lionja nikamsemesha Kimwera. Kanishika mkono, hakuuachia mpaka saa nane. Agatha naye kajaribu Kimwera chake cha mjini, akachemka. Roho yangu ikapoa kidogo. Na hilo naliandika, ingawa halipendezi.

Karatasi ya kitanda cha tatu Agatha kaiandika hapohapo amesimama. Ana mwandiko mzuri, mshenzi yule. Kwenye mkojo kaweka: kila saa tatu. Angemwekea mpira wa mkojo, ila saizi ya watoto wadogo imekwisha stoo. Angepima vitambaa kwenye mzani, ila akina mama wa huku mtoto akilowesha tu, kitambaa kimeshakimbizwa bombani kabla hujageuka. Ni aibu mtu mwingine kukiona. Basi kwenye NANI kaandika: aulizwe mama wa mtoto.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimewavunja watu mbavu.

Banda la kupikia, nyuma ya wodi. Akina mama sita, mimi katikati nimekalia kinu kilichopinduliwa. Nikamwigiza Agatha. Kijiti sikioni ndiyo kalamu, shingo upande, sauti ya Dar. "Mama, mtoto amekojoa? Mara ngapi? Rangi gani? Alikojoa kwa furaha au kwa huzuni?" Mama mmoja wa Kilimarondo kacheka mpaka uji wake ukaungua.

Nikaona hapa ndipo pa kunogesha. Nikawaambia, "Nawapa siri. Yule wa makaratasi ukimjibu hapana, anaongeza karatasi nyingine. Karatasi zikijaa, mtoto anapelekwa rufaa Mtwara. Nyinyi jibuni ndiyo. Amekula? Ndiyo. Amelala? Ndiyo. Amekojoa? Ndiyo, bibie, godoro linaelea!"

Makofi. Nani mwingine hapa Nachingwea anaweza kuwachekesha watu wenye wagonjwa? Nikarudi kwenye deki yangu nimenenepa.

Somoe alikuwepo. Hakucheka. Nikadhani uchovu.

Jumanne, 13 Mei

Yusufu kafumbua macho. Kamwita mama yake. Sote tumefurahi, hata mimi, na furaha yangu ilikuwa nzima mpaka Daktari alipowaita wanafunzi wa uuguzi waje kuona karatasi ya kitanda cha tatu ilivyoandikwa. Wameizunguka kama picha ya harusi. Mmoja kanikanyagia deki, hata samahani hakusema.

Hakuna mwanafunzi aliyeuliza mtungi uliletwa na nani.

Jioni nikaenda kuanua vitambaa. Kamba ile ni yangu, najua kila kitambaa na mwenyewe. Kitanda cha kwanza, vinne. Cha pili, vitatu. Cha nne, sita. Cha tatu, hakuna. Nikachungulia mfuko wa Somoe chini ya kitanda. Kimoja tu kimefuliwa, cha Jumapili. Vingine vyote vimekunjwa vilevile alivyokuja navyo, alama ya pasi bado imesimama. Nikasoma karatasi. Jumapili, mara moja, kidogo. Halafu kuanzia jana mchana: Amekojoa. Amekojoa. Amekojoa. Kila saa tatu, sahihi na sahihi.

Mtoto anaingiziwa maji tangu Jumamosi. Maji hayo yanakwenda wapi?

Nilisimama na kapu. Agatha alikuwa hatua kumi kutoka pale, anajaza vyumba vyake. Nikasema moyoni, si ndiyo digrii hiyo, acha digrii itoke nje ikaangalie kamba.

Nikaenda nyumbani.

Jumatano, 14 Mei

Kope za Yusufu zimevimba. Mwanafunzi mmoja kasema mtoto kaanza kunenepa. Nimepiga deki chini ya kitanda cha tatu mara nne.

Agatha kauliza, Somoe kajibu ndiyo. Aliposema ndiyo kaniangalia mimi. Kama mtoto wa shule anavyomwangalia aliyemfundisha jibu.

Sikula mchana.

Alhamisi, 15 Mei

Lazima niandike kwa mpangilio.

Asubuhi pumzi za Yusufu zilikuwa sitini kwa dakika. Mbavu zinaingia ndani. Mguu ukiubonyeza, shimo la kidole linabaki. Daktari kachukua karatasi, kaisoma juu mpaka chini. Kasema mkojo unatoka vizuri, basi figo hazina neno, tatizo litakuwa kifua. Dawa ya kifua iongezwe. Dripu iendelee. Agatha akawa anaandika. Mkono wake unaandika uongo wangu, kwa mwandiko mzuri.

Nikasema, "Hajakojoa."

Sauti ilitoka ndogo. Mimi, niliyewahi kumfokea tajiri wangu wa Maskati mbele ya wageni wake.

Daktari kasema, "Nani?"

"Huyu. Labda tangu Jumapili. Tangu hapo vitambaa vyake havijaloa hata kimoja."

Agatha kamgeukia Somoe, taratibu kabisa. "Mama Yusufu, si uliniambia amekojoa?"

Somoe kaniangalia mimi. Akaniuliza kwa Kimwera, sasa niseme nini?

Mashine tu, pii, pii.

Hapo ningeweza kupona. Ningesema binti wa watu hakuelewa swali. Wangeniamini wote. Tena ningekuwa shujaa, Mama Oksijeni aliyeona kwenye kamba kile ambacho karatasi haikuona. Niliiona nafasi hiyo wazi kabisa, kama kiti kitupu. Halafu nikamtazama Somoe, kucha zimeng'ang'ania chuma cha kitanda.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyewaambia wajibu ndiyo. Jikoni. Ilikuwa utani."

Daktari kafunga dripu kwa mkono wake. Kagongagonga tumbo la chini la mtoto kwa kidole, kibofu kitupu. Akaagiza dawa ya kukojoza, ya mshipa. Kasema hivi: mpaka Jumamosi asubuhi, kama hajakojoa, anapelekwa Mtwara, na Mtwara wanaweza kusema Dar, kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwa pumzi zile sijui kama angefika hata Masasi.

Agatha kanivuta mlangoni. Uso umemwiva.

"Mama, ungenisema mimi hadharani, nisingejali. Ungezichana hizi karatasi, nisingejali. Uliona lini?"

"Juzi."

"Juzi."

"Ndiyo."

"Siku mbili, mama."

Nilitafuta neno la kuchekesha. Miaka yote hii sijawahi kulikosa. Leo sikulipata.

Matroni kasema niandike maelezo. Nimeandika kurasa mbili, sikumtaja Somoe kwa ubaya hata mahali pamoja. Neno wivu sikuliandika. Ofisini kwao halina chumba. Liko hapa.

Ijumaa, 16 Mei

Wanahitaji ule mpira mdogo ili wajue mkojo tone kwa tone. Agatha kampigia simu mwenzake waliyesoma naye, yuko Ruangwa, kasema anayo miwili. Gari la hospitali limekwenda Lindi tangu asubuhi. Nikasema nakwenda mimi. Agatha kaniandikia saizi kwenye kipande cha karatasi, kanipa bila kunitazama.

Bodaboda, Nachingwea mpaka Ruangwa. Mimi ndege nimepanda mara nne. Moja ilitikisika juu ya bahari, abiria wakasoma dua, mimi nikaomba juisi nyingine. Leo kwenye pikipiki nikawa nalia. Nikamwambia dereva ni upepo. Dereva, mzee wa makamo mwenye koti la mvua, kasema, "Upepo gani huo, mama, na tumesimama?" Kweli. Tulikuwa tumesimama kupisha mbuzi.

Mwenzake Agatha nikamkuta ananisubiri getini. Kanitazama juu chini. "Wewe ndiye Mama Oksijeni? Agatha kila siku ananiambia kuna mama pale ni kitabu, ila hafunguki. Anasema anakuogopa."

Nikapokea mipira. Asante yangu haikutoka vizuri.

Njia nzima ya kurudi nimeishika kifuani, ndani ya mtandio, kama mtu aliyebeba vifaranga. Anakuogopa. Wiki moja iliyopita neno hilo ningelizungusha Nachingwea nzima. Leo nimelibeba kimya kimya mpaka wodini.

Saa tisa mpira umewekwa. Mfuko wake umening'inizwa pembeni ya kitanda. Mtupu. Saa kumi, mtupu. Saa kumi na mbili, mtupu. Agatha kila akiandika anaandika kitu kimoja: hakuna. Kaandika hakuna mara tatu, na mara zote tatu kaiandika kwa uangalifu uleule.

Jumamosi, 17 Mei

Si zamu yangu. Nimekwenda.

Mfuko mtupu. Gari la kwenda Mtwara liko nje, dereva keshawasha. Somoe kafunga vitu vyake kwenye kanga, kakaa sakafuni. Nikakaa naye. Nikamwambia kwa lugha yetu, mimi ndiye niliyekosa, si wewe. Nikamwuliza kwa nini siku ile jikoni hakucheka na wenzake.

Kasema, "Nilijua ni maagizo. Wewe si ndiye mkubwa wa wodi? Wote wanakufuata."

Miaka tisa nimetamani mtu aniambie hivyo. Nimeambiwa leo, sakafuni, na mtoto wake juu anahema kama kakimbia kutoka Nkowe.

Saa nne Daktari kaingia na barua ya rufaa mkononi. Agatha kapiga goti kando ya kitanda kufunga mfuko kwa ajili ya safari. Akakaa pale pale. Halafu akaniita kwa kidole, mimi, si Daktari.

Matone. Meusi kama kahawa iliyolala kwenye birika. Yanashuka kwenye mpira moja moja, yanafikiria njiani.

Tukayahesabu wote wawili. Daktari naye akainama. Kasema tusubiri saa tatu nyingine. Dereva akazima gari. Saa saba mfuko una mililita hamsini.

Nikaenda chooni nikalia kwa sauti. Niliporudi nikawaambia ni jino linauma.

Jumapili, 18 Mei

Mililita mia mbili na ushee. Rangi imekuwa ya chai ya rangi. Pumzi arobaini na mbili.

Padri kapita baada ya misa kuwabariki wagonjwa, kanikuta mimi na Agatha tumeuinamia mfuko wa mkojo kama watu wanaosoma barua. Mimi Mwislamu, yeye Mkatoliki, na mfuko katikati. Padri hakuuliza. Kabariki na mfuko.

Agatha bado hanisemeshi zaidi ya kazi.

Jumanne, 20 Mei

Matroni kanipa onyo la maandishi. Nimeshukuru, maana nilitegemea kufukuzwa. Hakuniambia niende jikoni. Nimekwenda mwenyewe.

Kuchekesha watu ni rahisi. Kuwarudisha kwenye kicheko walichokwishacheka na kukizima, hiyo ndiyo kazi. Nikawaambia yote, kwamba siri niliyowapa ni uongo, kwamba mtoto wa kitanda cha tatu alikuwa anakwenda kufa kwa ndiyo. Mama wa Kilimarondo kauliza, "Kwa hiyo ukisema hapana hawampeleki Mtwara?" Nikamwambia wanampeleka Mtwara wakichelewa kujua. Hakuna aliyecheka. Sikutaka wacheke, lakini iliniuma.

Mchana Agatha kamwuliza Somoe kama Yusufu amekula. Somoe kasema, "Hapana. Uji kaukataa." Kisha kaniangalia. Nikamwambia endelea. Wallahi kaendelea! Uji kaukataa, dawa katema, anajikuna, usiku analia, mpira unamkera, shuka lina vumbi, halafu akahamia mambo ya mwaka jana, surua, jino, kuanguka kwenye ghala la ufuta. Agatha anaandika, anageuza karatasi, anaandika. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi niliona mdomo wake unataka kucheka.

Baadaye nikakuta karatasi mpya ya kitanda cha tatu. Mpira ukitolewa vitambaa vitapimwa kwenye mzani. Kwenye NANI kaandika jina langu, lile la kuzaliwa, lote. Kila saa tatu niangalie kwa macho yangu na nitie sahihi. Niliona ni adhabu. Huenda ni adhabu. Nimetia sahihi ya kwanza kwa herufi kubwa.

Daktari kaja, kaisoma. Kasema, "Wazo zuri, Agatha."

Wivu ukarudi palepale, hata viatu haukuvua.

Jumapili, 25 Mei

Mpira ulitolewa juzi. Vitambaa vya Yusufu leo, vitano kwenye kamba. Nimevipima vyote. Somoe mara ya kwanza alinyang'anyana nami, aibu imemjaa. Nikamwambia mimi nimefua nepi za watoto wa matajiri wa Maskati, mkojo wa Nkowe utanifanya nini? Kaachia.

Kope zimeshuka. Sura yake ya kweli imetokea. Kumbe ana kidevu kikali.

Jumatatu, 2 Juni

Yusufu karuhusiwa. Katoka mgongoni kwa mama yake, amelala. Somoe kaaga kitanda kwa kitanda.

Agatha kampa karatasi ya kwenda nayo nyumbani, ya michoro: kikombe cha maji, kitambaa kilicholoa, kitambaa kikavu chenye alama ya kurudi hospitali. Somoe hasomi vizuri, michoro kaielewa yote. Wazo la michoro lilikuwa langu. Naliandika hapa, maana kule hakuna atakayeliandika.

Agatha alisema mbele ya Matroni kwamba lilikuwa langu. Basi, na hilo naliandika.

Jumamosi, 5 Julai

Kliniki ya mkoba, tumewafuata watu kijijini kwao, Nkowe. Mimi nabeba mzani, Agatha boksi. Mikorosho imeanza kupuliziwa salfa, harufu inakukuta barabarani.

Somoe kaja na Yusufu saa nne. Anatembea, anakimbia, mashavu yamerudi. Nilichuchumaa nikafungua mikono. Kaniona, kalia kwa sauti ya ajabu, kajificha nyuma ya mama yake. Labda nanukia klorini. Kwa Agatha kaenda mwenyewe. Kapanda mapajani, kachukua kalamu, kaitia mdomoni, kasinzia hapohapo.

Nimeona wivu. Mdogo, wa kawaida. Nimekaa nao, nikamenya muhogo wa kuchemsha alioleta bibi wa mtoto, nikampa Agatha kipande kwa kuwa mikono yake haikuwa na nafasi. Kasema mkono umekufa ganzi. Nikamwambia asithubutu kusogea. Nikaukunja mtandio wangu, nikauweka chini ya kichwa cha Yusufu.

Kifua kinapanda, kinashuka. Nikajikuta namhesabia pumzi.

"Ishirini na nne," nikamwambia Agatha.

Kaitikia kwa kichwa. Kalamu iko kwa mtoto, hakuna aliyeandika.